Kamera imegoma, fundi yuko mbali: dalili, vyanzo na la kufanya kwa wapiga picha wa Tanga

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350 kwa barabara, na umbali huo ndio unaoifanya hitilafu ndogo iwe kubwa. Kamera iliyogoma Ijumaa jioni Chumbageni haitawahi harusi ya Jumamosi. Ikishapanda basi kwenda kwa fundi, inaweza kukaa huko wiki kadhaa. Kinachouma ni kwamba kamera nyingi zinazosafirishwa hivyo hazikuhitaji spea yoyote. Zilihitaji kufutwa chumvi, kubadilishiwa kadi, au kurudishiwa swichi iliyosogezwa na mkanda wa begi. Na zile zinazohitaji fundi kweli huchelewa zaidi kwa sababu zimeshachokonolewa nyumbani, au zimepelekwa na neno moja tu: "imeharibika".

Hapa chini hitilafu zimepangwa kwa dalili. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, na ukaguzi rahisi unatangulia ule mgumu.

Kabla ya yote, uwe na vifaa hivi mkobani: bloa ya mpira ya kupulizia, brashi laini, vitambaa viwili vya maikrofaiba, chupa ndogo ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, tochi ndogo, betri ya pili, kadi ya pili na lenzi ya pili hata kama ni ile ndogo iliyokuja na kamera. Halafu shika kanuni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha betri, kadi na lenzi kwa pamoja na kamera ikawaka, hujajua chochote, na kesho itagoma tena.

Kamera haiwaki, au inazima ghafla

Chanzo cha kwanza ni betri, na mara nyingi ni betri ambayo mwenyewe anaamini imejaa. Umeme ulikatika usiku, chaja ilikuwa ukutani, asubuhi betri ikachomolewa bila kutazamwa taa. Weka betri nyingine. Kama hakuna, ichomeke ile ile kwenye chaja uone taa inasemaje.

Cha pili ni uzee wa betri. Canon nyingi zina ukurasa wa taarifa za betri kwenye menyu: vijistari vitatu vya kijani maana yake betri nzima, kimoja chekundu maana yake inunuliwe nyingine. Kwenye Nikon zinazotumia EN-EL15, umri wa betri unaonyeshwa kwa namba, 0 ikiwa mpya na 4 ikiwa imechoka. Betri iliyochoka huonyesha imejaa, kisha inaanguka ghafla ukianza kupiga mfululizo, na mtu anadhani kamera ndiyo inazima. Betri za kuiga hufanya hivyo hivyo, na baadhi hazitambuliwi kabisa na kamera.

Cha tatu ni milango. Ndani ya mlango wa betri kuna swichi ndogo, na kamera nyingi zina nyingine kwenye mlango wa kadi. Mlango uliolegea au uliovunjika kijino chake hauibonyezi, na kamera hubaki kimya kama imekufa. Bonyeza mlango kwa kidole huku ukiwasha. Ikiwaka, umepata jibu. Kipande cha utepe wa gundi kitakuvusha siku hiyo, na mlango ni spea ya bei nafuu. Kama unatumia gripu ya betri, ivue kabla hujalaumu kingine.

Bado kimya? Toa kadi uwashe. Halafu toa lenzi, ziba mdomo wa kamera kwa kifuniko chake, uwashe tena. Kamera inayowaka bila lenzi lakini inazima ikivishwa lenzi ina lenzi yenye shoti, na kinachotakiwa kusafirishwa ni lenzi peke yake.

Acha mara moja ukiona betri imevimba au unasikia harufu ya kuungua. Betri ya lithiamu iliyovimba ikakwama ndani haitolewi kwa bisibisi. Ikitobolewa inawaka moto, na huo si moto wa kuzima kwa kitambaa.

Err 01, F-- au fEE: mwili na lenzi havisikilizani

Hili ndilo kosa la pwani kuliko yote. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewani. Kwenye mkia wa lenzi kuna vipande vidogo vya dhahabu vinavyogusana na pini za kamera, na hapo ndipo taarifa za fokasi na apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) zinapopita. Utando wa chumvi na jasho la vidole ambao huuoni kwa macho unatosha kuikata njia hiyo. Canon hutoa Err 01. Nikon huandika F--, kana kwamba hakuna lenzi.

Kwanza kabisa, kwa wenye Nikon: fEE si ubovu. Lenzi yako ina pete ya apacha, na pete imetoka mahali pake. Izungushe hadi kwenye namba kubwa kuliko zote, kwa mfano 22, kisha uifunge na kile kijifungio chake.

Kwa mengine yote, anza na kusafisha. Zima kamera, toa betri, toa lenzi. Lowesha kona ya kitambaa kwa matone mawili ya isopropili. Kiwe na unyevu tu, kisitiririke. Futa vipande vya dhahabu vya lenzi kwa mwelekeo mmoja, mara tatu au nne, kisha pitisha kona kavu. Mara nyingi kitambaa kinatoka na mstari wa kijivu, na huo ndio uliokuwa ukikata mawasiliano. Upande wa kamera fanya hivyo hivyo, lakini shika mdomo wa kamera ukiangalia chini ili uchafu usiangukie ndani, na usizikandamize pini kwa nguvu, kwa sababu zina springi. Wapo wanaotumia kifutio cha penseli. Tunakishauri kiachwe: kinakwangua dhahabu, na chembe zake zinaishia kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha.

Rudisha lenzi hadi usikie "tik". Lenzi isiyofika mwisho wa mzunguko wake hutoa kosa lile lile.

Kama kosa linarudi, lifanyie kipimo hiki, maana ndicho kinachotenganisha uchafu na ubovu. Weka kamera kwenye hali ya kuchagua apacha mwenyewe. Fungua apacha hadi mwisho, f/4 kwa lenzi ya f/4, upige picha kumi. Kisha weka f/8, upige nyingine kumi. Sababu ni hii: picha ya apacha iliyo wazi kabisa haihitaji visu vya apacha visogee, ila ya f/8 inavilazimisha vijifunge. Ikiwa f/4 zote kumi zimepita na f/8 imetoa kosa, vipande vya dhahabu vimeshasafishwa na havina hatia. Kilichoharibika ni apacha yenyewe, na hasa ule utepe mwembamba wa umeme unaokunjuka na kukunjika kila unapozumu. Canon 24-105mm f/4L ya toleo la kwanza inajulikana sana kwa ugonjwa huu. Rudia kipimo ukiwa 24mm na ukiwa 105mm, kwa sababu utepe uliopasuka nusu hukubali upande mmoja wa zumu na kukataa mwingine.

Kipimo hicho kina faida mbili. Fundi akiambiwa "f/4 inapiga, f/8 inatoa Err 01, na inazidi ikivutwa 105mm", anajua aagize nini kabla hajafungua skrubu. Na wewe unajua kwamba shughuli ya usiku huu inaweza kuisha bila aibu: piga yote kwa f/4.

Kosa likitokea kwa lenzi zote ulizonazo, tatizo ni la mwili wa kamera. Likitokea kwa moja tu, mwili uache nyumbani uendelee na kazi.

Usifungue lenzi mwenyewe kubadilisha utepe huo. Vioo vya ndani vimepangwa kwa vipimo vidogo mno, na ukivirudisha vimekaa upande, utapata lenzi isiyotoa kosa wala picha kali.

Mstari mweusi kwenye picha, picha nusu nyeusi, Err 20 au Err 30

Watu wengi hukimbilia kusema shata (pazia linalofunguka na kufungwa mbele ya sensa) imekufa. Tenganisha mambo matatu kwanza.

Kama mstari unatokea ukitumia flashi tu, spidi ya shata imepita kikomo cha flashi. Kamera nyingi zinaishia 1/200 ya sekunde, na triga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) za bei nafuu mara nyingi zinahitaji ushuke 1/160. Shusha spidi, mstari unaondoka.

Kama ni mistari myepesi, ya kijivu au ya rangi, inayotokea ukumbini chini ya taa za LED na haitokei nje juani, hizo ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Piga kwa 1/100 au 1/50. Kamera ikiwa na kipengele cha kuzuia kupepesa kwa taa, kiwashe.

Kama mstari ni mweusi, uko pale pale, mchana juani bila flashi, basi ni shata. Hakikisha hivi: saa nne asubuhi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe, piga kwa 1/60, 1/250, 1/1000 na 1/4000, ukiongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au kufungua apacha ili mwanga ubaki ule ule. Shata inayochoka hufanya vizuri kwenye spidi ndogo, na kwenye kubwa inaacha upande mmoja wa picha kuwa mweusi. Mpaka ikamilishwe kazi iliyo mkononi, usivuke spidi ya mwisho iliyofaulu.

Watengenezaji hutaja umri wa shata: Canon 6D ni mara 100,000, 5D Mark III na Nikon D750 ni mara 150,000. Hizo ni namba za majaribio, si siku ya kufa. Zipo zinazopita mbali na zipo zinazokufa mapema, hasa zilizolishwa mchanga wa ufukweni. Nikon nyingi huandika hesabu ya shata ndani ya faili la picha, hivyo programu ya bure ya kusoma taarifa za picha inatosha kukuonyesha. Kwa anayenunua kamera iliyotumika, hesabu hiyo ina thamani kuliko usafi wa rangi ya nje.

Ukifika hapa, ishia kutazama. Visu vya shata ni vyembamba kuliko wembe, na kidole kimoja kinavipinda. Bloa yenyewe isielekezwe karibu sana. Ndani ya kamera yenye flashi yake, na ndani ya flashi ya juu, kuna kapasita inayobeba umeme wa volti kama 300, na hubaki na umeme huo hata betri ikiwa imetolewa. Imewahi kurusha mikono ya mafundi wazoefu. Asiyejua kuitoa umeme asifungue.

Picha hazitoki kali

Pitia haraka: swichi ya lenzi iko AF au MF? Spidi ya shata ilikuwa ngapi? Watu wanaocheza kwa 1/60 watatoka na ukungu, hata lenzi iwe ya milioni. Filta ya mbele ni safi? Ivue upige bila filta.

Kama bado, weka kamera kwenye stendi na upige gazeti lililobandikwa ukutani: mara tano kwa kutazama tunduni, mara tano kwa skrini ya nyuma. Skrini ikitoa kali na tundu likitoa mbovu, fokasi ya kamera ya kioo (DSLR) imepotoka kidogo, na kamera nyingi za daraja la kati zina menyu ya kuirekebisha lenzi kwa lenzi. Fanya hatua tatu tatu, ukipiga gazeti lile lile. Zote mbili zikiwa mbovu, tazama ndani ya lenzi kwa tochi na usome sehemu inayofuata.

Madoa, ukungu na fangasi

Haya ni magonjwa matatu yanayopewa jina moja, na tiba zake hazifanani kabisa.

Doa la sensa liko mahali pamoja kwenye kila picha, hata ukibadilisha lenzi. Linaonekana kwa f/16 na kupotea kwa f/2.8. Lipime kwa kupiga anga jeupe, ISO 100, f/16, fokasi ikiwa imetolewa makusudi. Kumbuka kuwa picha hukaa kichwa chini juu ya sensa: doa lililo juu kushoto kwenye picha, uchafu wake uko chini kushoto ukiitazama sensa kutoka mbele. Tumia kwanza usafishaji wa menyu. Halafu chagua kwenye menyu kusafisha kwa mkono, betri ikiwa imejaa, geuza mdomo wa kamera chini, upulize kwa bloa mara kumi. Usipulize kwa mdomo: mate hukauka juu ya sensa na kuwa doa gumu kuliko la kwanza. Kopo la hewa ya kusafishia kompyuta pia hapana, linarusha kimiminika baridi. Vumbi likigoma, kuna vijiti vya kufutia sensa, milimita 24 kwa sensa kamili (full frame) na 16 kwa ndogo (APS-C). Kijiti kimoja ni safari moja kwenda na kurudi, kisha kinatupwa. Mkono ukitetemeka, mwachie fundi. Kazi hii kwa fundi ni ndogo, na haihitaji kusubiri spea.

Ukungu wa mvuke huja na kuondoka. Umekaa saa mbili ukumbini kwenye kiyoyozi, bibi harusi anatoka nje, ukainua kamera: nyeupe tupu. Kioo kimepoa kuliko hewa ya nje, na mvuke wa bahari unagandia. Kufuta hakusaidii, unarudi sekunde hiyo hiyo. Dawa ni kuwahi: dakika 30 kabla ya kutoka, ingiza kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uuweke nje ya ukumbi kwa mtu unayemwamini, ipate joto taratibu. Wanaoshuka kutoka Lushoto asubuhi ya baridi wafanye hivyo hivyo kabla ya kufungua begi Mombo.

Fangasi ndiyo adui wa kweli wa Tanga. Washa tochi, iingize mwanga upande mmoja wa lenzi, utazame kwa upande mwingine ukiwa chumba chenye giza. Vumbi ni nukta. Fangasi ni nyuzi, kama utando wa buibui unaoanzia pembeni ya kioo kuelekea katikati. Mwanzoni picha haionyeshi kitu. Baadaye kila taa inavaa ukungu, na rangi zinafifia. Nyuzi hizo hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo. Ikisafishwa mapema, kioo hupona. Ikiachwa msimu mzima, nyuzi zitatolewa lakini alama zitabaki milele. Ndiyo maana hii ni hitilafu ambayo hata kama kamera inapiga vizuri, lenzi iende kwa fundi sasa. Itenge na nyingine hadi siku ya safari.

Kuianika juani hakuondoi fangasi. Na lenzi ikiangalia jua inakusanya miale sawa na kioo cha kuwashia moto, kwa hiyo usijaribu.

Kinga yake ni ya bei ya chini kuliko matengenezo ya lenzi moja. Nunua boksi la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, kipima unyevu kidogo, na gramu 200 hadi 500 za silika (chembe za kunyonya unyevu) kulingana na ukubwa wa boksi. Unyevu ndani ya boksi ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Ukipanda juu ya 60 kwa muda mrefu, fangasi inapata makazi. Usiukaushe chini ya 30, kwa sababu mpira na mafuta ya lenzi nayo yanateseka. Chagua silika ya rangi ya machungwa, ambayo hugeuka kijani ikishiba maji. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, ambayo ni sumu, isikae nyumba yenye watoto. Ikishiba, itandaze kwenye trei ndani ya ovena ya nyuzi joto kama 120 kwa saa mbili, au ikaange kwa moto mdogo kwenye sufuria isiyopikiwa tena, hadi rangi irudi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tazama kipimo kila siku mbili.

Begi si stoo. Sponji na ngozi hushika jasho na mvua ya wiki iliyopita. Ukifika nyumbani, kamera itoke, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi ikiwa ulikuwa Raskazone au Mwambani, ikaushwe, iingie kwenye boksi.

Imeanguka majini

Usiwashe kujaribu. Toa betri, toa kadi, toa lenzi, kausha kwa kitambaa, geuza mdomo chini. Mchele hausaidii kamera. Unaacha unga ndani. Kama ni maji ya mvua, iache na silika kwenye boksi lililofungwa kwa siku mbili tatu kabla ya kujaribu.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Chumvi inaanza kula bodi ya umeme siku hiyo hiyo, hata kamera ikiwa imezimwa. Ipande basi la kwanza, si wiki ijayo, na fundi aambiwe wazi kwamba ni maji ya chumvi. Ukweli mchungu ni kwamba mara nyingi gharama yake inafika bei ya kamera nyingine iliyotumika. Uliza makadirio kabla hujakubali.

Kadi: Err 02 (Canon), CHA au For (Nikon), au picha hazionekani

Kitu cha kwanza ni kile kijiswichi cha pembeni ya kadi ya SD kilichoteremka. Cha pili ni uchafu kwenye vipande vya shaba vya nyuma. Futa kwa isopropili kama ulivyofanya kwenye lenzi. Cha tatu ni kadi iliyofomatiwa kwenye kamera nyingine au kompyuta. Cha nne, na kimeenea, ni kadi ya kuiga iliyoandikwa GB 128 wakati ndani ina GB 16. Hiyo inapokea picha zote kwa furaha, na zile za mwisho hazifunguki. Kila kadi mpya ipimwe kwa H2testw au F3, programu za bure, kabla ya kuingia kazini. Kupima kunachukua saa kadhaa, lakini kunafanyika mara moja tu.

Kama kosa limetokea katikati ya shughuli na kadi ina picha, hapo hapo simama. Usifomati ingawa kamera inakuomba. Usipige picha nyingine hata moja juu yake. Itoe, ifunge kijiswichi chake, ibandike utepe wa gundi wenye alama, endelea na kadi ya pili. Nyumbani, tumia PhotoRec, programu ya kuokoa picha, kwenye kompyuta na uhifadhi zinazopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo. Kadi isiyosomeka na kompyuta yoyote iende kwa mtaalamu wa kuokoa data, na isijaribiwe tena na tena, kwani kila jaribio linaweza kuwa la mwisho.

Flashi hailipuki, au inachelewa

Betri nne za AA zinazofanana, zilizochajiwa siku moja, zisizochanganywa mpya na kuukuu. Futa mguu wa flashi na reli ya juu ya kamera. Ikiwa imepiga mara thelathini mfululizo, imejizuia kwa sababu ya joto: ipumzishe dakika kumi. Zaidi ya hapo ni kapasita au taa, na onyo la volti 300 linabaki pale pale.

Imepelekwa kwa fundi na hairudi

Hii nayo ni hitilafu, na ina vyanzo vyake kwa mpangilio.

Kinachochelewesha kuliko vyote ni maelezo mabovu. Fundi anawasha kamera, inapiga, anairudisha rafuni akisubiri umpigie. Kosa linalokuja na kuondoka halitaonekana mezani kwake kama hakuambiwa alitafute wapi. Andika karatasi, uiweke ndani ya boksi, na ujitumie picha yake. Mfano:

"Canon 6D, namba ya mwili imeandikwa hapa chini. Err 20 hutokea baada ya picha 40 hadi 50 mfululizo, lenzi zote tatu. Ikipumzika dakika 15 inarudi. Haijaanguka, haijaingia maji. Nimebadilisha betri na kadi, hakuna tofauti. Picha tatu za mfano ziko kwenye simu yako. Naomba makadirio kabla ya kuagiza spea. Spea ya zamani irudishwe."

Sentensi hizo zinaokoa siku nyingi kuliko simu ishirini za "vipi fundi, tayari?"

Cha pili ni makadirio yasiyojibiwa. Fundi alituma bei, mteja anatafuta hela au anasita, na kamera haiguswi. Jibu ndani ya siku moja, ndiyo au hapana.

Cha tatu ni spea. Kama inaagizwa nje, hakuna maneno yatakayoiharakisha, lakini una haki ya kuuliza mambo manne: spea imeshaagizwa au bado, ni mpya au imetolewa kwenye kamera iliyokufa, itafika lini, na kamera inaweza kurudi Tanga ikasubiri huku? Shata inayofanya kazi hadi 1/500 inaweza kuendelea kukulisha wiki sita za kusubiri, badala ya kulala kabatini Kariakoo.

Cha nne ni fundi asiyeweza kazi hiyo na anayeona haya kusema. Dalili yake ni tarehe inayosogezwa mara tatu bila sababu inayobadilika. Omba kamera irudi kama ilivyo.

Kuhusu kusafirisha: lenzi ivuliwe isipokuwa nayo ni sehemu ya tatizo, betri na kadi vibaki kwako, vifuniko viwekwe, boksi gumu, sentimita tano za sponji kila upande. Piga picha namba ya mwili na kila mkwaruzo. Chukua stakabadhi ya kifurushi, na awepo mtu wa kukipokea stendi siku hiyo hiyo.

Kuhusu wakati: pwani harusi hupungua sana Ramadhani na kufurika baada ya Idi. Huo mwezi ndio wa kupeleka mwili mmoja kusafishwa na kukaguliwa, huku mwingine ukibaki. Kwa anayekula kwa kamera, mwili wa pili, hata mkuukuu wa mkono wa pili unaotumia betri na lenzi zile zile, uje kabla ya lenzi mpya ya tamaa. Asiye nao afanye makubaliano na mwenzake ya kuazimana, yaandikwe, yataje nani analipa kifaa kikiharibika. Na mteja akilipa malipo ya awali, mkataba useme mapema kwamba kifaa kikigoma, mpiga picha mwenzako wa kiwango hicho hicho atasimama badala yako.

Kamera ikirudi, usimlipe aliyeileta kabla hujaijaribu. Hesabu skrubu za chini, zisikose wala kubadilika rangi. Piga hamsini mfululizo, kwa lenzi zote. Rudia kipimo kile kile kilichoonyesha kosa, f/4 na f/8, au ukuta mweupe kwa spidi nne. Piga anga kwa f/16 uone kama sensa imerudi na vumbi la meza ya fundi. Fokasi ipimwe kwa gazeti, maana kamera iliyofunguliwa shata mara nyingi hurudi ikiwa imesogea kidogo. Kosa likirudi, mpigie fundi saa hiyo hiyo na umtumie picha, kabla dhamana ya kazi yake haijapita.